Kifua cha Mama Mkwe

Katika chumba cha dharura cha hospitali ile, wagonjwa wengi hawakulijua jina la muuguzi aliyewapokea, lakini umbo lake hawakulisahau. Alikuwa mtu wa miraba minne. Akisimama mlangoni, mwanga wa nje ulibaki nje. Wenzake walimwita Tembo, na mwenyewe hakuchukia. Alisema hata yeye angekutana na mtu wa saizi hiyo angemwita hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kuwaangalia watu wanapoingia tu na kuamua nani aonwe sasa hivi na nani anaweza kusubiri. Alikuwa na viganja vinene, vya kubebea magunia, ila akikushika kifundo cha mkono kutafuta mapigo hukusikia kitu isipokuwa joto. Watoto waliokuja wakilia walinyamaza kwa mshangao, wakabaki kumkodolea macho.

Wagonjwa wa moyo ndio waliomkaa zaidi akilini. Wengine walijitangaza wenyewe. Dereva wa lori aliingia siku moja amejikunja, ngumi katikati ya kifua, akisema kuna mtu amemkalishia gunia la saruji na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Huyo hata mlinzi wa getini alijua apelekwe wapi. Wengine walihitaji jicho. Kulikuwa na kijana mcheza mpira ambaye moyo wake ulianza kwenda mbio ghafla akiwa amekaa tu kwenye kochi, mpaka mishipa ya shingo ikawa inarukaruka. Tembo alimpa bomba la sindano lisilo na sindano, akamwambia alipulize kwa nguvu zake zote, kisha akamlaza chali na kumwinulia miguu juu. Moyo ukatulia kama mtoto aliyepata ziwa. Yule kijana akauliza, "Dawa yenyewe ndiyo hii?" Tembo akacheka. "Leo ndiyo hii. Ikikataa, daktari ana nyingine."

Halafu kulikuwa na mzee fundi saa, aliyeletwa na mkewe kwa sababu viatu havimwingii tena. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Tembo akamuuliza swali ambalo wenzake walimtania nalo kila siku:

"Mzee wangu, unalalia mito mingapi?"

"Mmoja tu, kama watu wote."

"Muongo huyu!" mkewe akadakia. "Wiki nzima analala kwenye kiti. Akilala chali anashtuka anatafuta hewa kama anazama."

Hapo hakukuwa na haja ya maneno mengi. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma, maji yamejaa mapafuni. Mzee aliwekewa dawa ya kuyatoa, na baada ya siku chache akawa anawatengenezea wauguzi saa zao kitandani.

Huyo ndiye Tembo wa kazini. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole hadi kujificha, na sababu ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, mjane, mwembamba, mwenye ulimi usio na pazia. Alihamia kwao tangu kisukari kilipoanza kumsumbua, akaja na cherehani yake na wateja wake. Zamani, binti yake alipomletea habari za mchumba, alikuwa na swali moja tu: "Huyu anakula kiasi gani?" Baadaye alimkubali, lakini kwa mbali, kama ilivyompasa mtu na mkwewe. Sare za hospitali hazikumtosha Tembo, na ni mama mkwe aliyemshonea zote. Hakumzungushia futi hata mara moja. Alimkadiria kwa macho akipita ukumbini, na nguo zikamkaa sawasawa.

Kuzungumza nako kulikuwa na utaratibu wake. Wakiwa watatu sebuleni, mama alimtazama binti na kusema, "Mwambie mumeo chai ipo mezani." Tembo, aliyekaa hatua mbili kutoka pale, akajibu, "Mwambie mama nashukuru." Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na shida za kutosha alizimaliza huko, aliinua mikono juu. "Jamani, mimi ni simu?"

Siku mambo yalipotokea, Tembo alikuwa na mapumziko. Mkewe ameshakwenda shule. Yeye alikuwa jikoni amelala chali chini ya sinki, anafunga bomba lililokuwa likivuja, na kutoka chumba cha mbele aliisikia cherehani. Aliizoea sauti ile. Ilikwenda mwendo mrefu, ikapumzika, ikaendelea. Asubuhi hiyo ilikuwa inakatika. Mishono michache, kimya. Mishono miwili, kimya kirefu.

Akaweka spana chini.

Alimkuta mama ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wa meza ya cherehani. Feni ilikuwa inazunguka, hewa ni nzuri, lakini jasho limemtoka juu ya mdomo na nyuma ya shingo. Na hapo ndipo Tembo alipoanza kukumbuka vitu vya wiki ile alivyoviona bila kuviangalia: mama akikaa kwenye ngazi ya mlangoni kabla ya kuingia, chai ikipoa mbele yake, shavu likishikwashikwa na malalamiko ya jino.

"Mama, vipi, hujambo?" akauliza, maana hapakuwa na mtu wa kumpitishia.

Akajiinua haraka, akajitengeneza mtandio. "Sijambo. Gesi tu."

"Gesi ya wapi, mama?"

"Ya tumboni. Kwani gesi nyingine inakaa wapi? Nipatie maji ya moto."

Akaenda akarudi na kikombe. Siku zote alikuwa akimwekea kitu mezani, naye anakichukua baadaye. Leo mama alinyoosha mkono akakipokea moja kwa moja, vidole vikagusana na vya mkwe wake, na hata hakutambua. Vidole vilikuwa vya baridi, vimelowa. Jambo hilo lilimtisha Tembo kuliko jasho.

"Mama, kifua kinauma?"

Macho yalimtoka. "Mkwe! Kifua changu na wewe vinahusiana nini?"

Kazini angevuta kiti, akakaa, akauliza mpaka apate jibu. Hapa alikuwa mkwe. Alijua kwamba akisukuma, mama atajifunga kabisa, atasema amepona, na kesho watamkuta sakafuni. Akatoka hadi ukumbini, akampigia mkewe.

"Sikiliza, usiogope. Mama hayuko sawa. Mimi haniambii kitu. Nitaweka simu kwa sauti, wewe muulize, mimi nitasikiliza."

"Nini tena? Ameanguka?"

"Hajaanguka. Muulize kwanza kifua."

Akaiweka simu juu ya cherehani, katikati ya vifungo na vipande vya kitambaa, kisha akageukia ukuta na kuitazama kalenda kana kwamba anatafuta sikukuu. Nyuma ya sauti ya mkewe darasa zima lilikuwa likiimba herufi.

"Mama, kifua kinakuuma?"

"Hakiumi."

"Kinabana?"

"Kizito. Kama nimevaa gauni la mteja mwembamba nikafunga zipu kwa nguvu."

Tembo akanong'ona, "Muulize unakwenda wapi huo uzito."

"Nimemsikia mumeo," mama akasema. "Mwambie unapanda kwenye taya. Nilidhani jino. Na huku nyuma, katikati ya mabega."

"Tangu lini, mama?"

"Leo tangu nilipoamka. Juzi ulinijia nikipiga pasi, nikakaa ukaondoka. Leo nimekaa, hauondoki."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na mumeo yuko humu ndani? Nimetapika kidogo pia. Mwambie asiniangalie."

"Sikuangalii, mama," Tembo akaiambia kalenda.

Hakuhitaji kuuliza zaidi. Wangapi amewaona, hasa kina mama, hasa wenye kisukari, ambao moyo wao haukuwakaba kifuani kama wanavyotegemea watu, ila uliingia kwa mlango wa nyuma: uchovu usio na sababu, kichefuchefu, taya, mgongo, jasho la baridi. Wengi walikuwa wameshakunywa dawa za tumbo wiki nzima. Wengine walifika wakiwa wamechelewa.

Kupitia mkewe aliuliza kama mama amewahi kutapika damu au kudhurika na aspirini. Hajawahi. Akaleta vidonge vya aspirini, vya kuzuia damu isigande, kutoka kwenye kisanduku chake.

"Mwambie mama avitafune, asimeze hivi hivi."

"Vichungu!"

"Tafuna, mama!" sauti ya binti ikapasuka kwenye simu, na watoto wa chekechea wakanyamaza wote kwa pamoja.

Akatafuna.

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande wa pili wa mji. Tembo alipiga simu kazini akaambiwa. Akakimbia kwa jirani, dereva wa teksi aliyekuwa anaosha gari, akarudi naye huku mikono yake ina povu. Mama alikuwa ameshasimama, anashika ukuta, anakwenda chumbani.

"Siendi hospitali na gauni la nyumbani. Watu watasema fundi hana nguo."

"Mama, leo hutembei hata hatua moja," Tembo alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimpa amri yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Sauti ilikuwa ya kazini. Mama akashangaa mpaka akarudi akakaa kitini. Wakamnyanyua na kiti chake, Tembo nyuma, jirani mbele.

"Nimebebwa kama kabati," mama akalalamika getini, mtandio umembana usoni, na Tembo akaona midomo yake imepauka.

Hospitalini zamu ilikuwa ya Dada Mkuu, muuguzi wa siku nyingi aliyemfundisha Tembo kazi, na daktari mmoja mwanamke, mfupi, mtulivu, aliyependa kuimba kwa pua akifikiri. Dada Mkuu alimtazama mgonjwa, akamtazama Tembo, akavuta pazia.

"Wewe baki huko. Hapa ni kwetu wanawake."

Tembo akabaki nje ya pazia, mikono haina kazi. Alisikia vifungo vikifunguliwa, alisikia mama akiuliza zile nyaya zinaunguza au vipi, na Dada Mkuu akimjibu kwamba zinasikiliza tu. Kisha mkono ukatoka na karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo. Alikuwa amezitazama karatasi kama zile tangu ujana wake. Hii aliishika akaona mistari, mistari, na hakuna hata mmoja uliomwambia kitu. Akampa daktari.

Daktari akaimba kwa pua. "Sioni kitu cha wazi."

"Labda ni gesi kweli," Tembo akasema. Aibu ilianza kumpanda. Amemtoa mama wa watu ndani na gauni la nyumbani, amesimamisha darasa la mkewe, amemtoa jirani kwenye shughuli zake.

"Angekuja mama wa mtu mwingine na hadithi hii, ungemrudisha nyumbani?"

"Nisingemrudisha."

"Basi. Karatasi moja haimalizi maneno. Tutarudia baada ya muda mfupi, na damu nimeshaipeleka maabara. Kaa, unaniziba mwanga."

Mkewe akafika, kamba ya kitambulisho cha shule bado shingoni, vidole vina rangi za watoto. Aliingia ndani ya pazia. Waliporudia kipimo, Dada Mkuu hakuutoa mkono tu. Alitoka mwenyewe na karatasi, anatembea upesi, na safari hii hata Tembo aliiona. Mistari ya chini ilikuwa imeinuka kama migongo ya paka.

Daktari alikwenda kuinama karibu na mgonjwa. "Mama, mshipa mmoja unaolisha moyo wako umeziba. Damu imeganda ndani yake. Tunakupa dawa ya kuiyeyusha, sasa hivi."

"Na jino langu?"

"Jino halina kosa. Moyo ndio unaosumbua, maumivu yanasikika tayani."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo mkwe alikuwa sahihi."

"Alikuwa sahihi."

"Msimwambie. Atavimba zaidi, na vitambaa vimepanda bei."

Tembo alicheka nje ya pazia, machozi yakiwa karibu.

Dawa ikaingia mshipani taratibu. Wakamfunika vizuri, wakafungua pazia, na Tembo akaruhusiwa kusimama ubavuni mwa kitanda, karibu na mashine inayoonyesha mapigo. Rangi ilianza kurudi usoni kwa mama. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo akae, amesimama tangu…"

Hakumaliza. Macho yalipanda juu, mkono ukaanguka pembeni, na kwenye mashine mapigo yaliyokuwa yakienda kwa mpango yakawa mchoro wa mtoto mwenye kalamu.

"Moyo umesimama!" Dada Mkuu akasema, na tayari alikuwa anashusha kichwa cha kitanda. Daktari akaivuta mashine ya kushtua. Aliyekuwa karibu zaidi na kifua ni Tembo.

Baadaye alisema hakukumbuka kuamua. Alikumbuka tu kwamba mikono ilikuwa pale, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua cha mwanamke ambaye hajawahi kumshika hata bega, na kwamba inashuka na kupanda kwa mwendo ule ule aliowafundisha wanafunzi wengi. "Nisamehe, mama," alisema kwa sauti. "Nisamehe, mama. Nisamehe, mama." Dada Mkuu alisema kilikuwa kipimo kizuri cha mwendo, hakikuyumba. Chini ya kiganja kitu kikalia, kama kijiti kikavu. Ubavu. Hakusimama.

"Ondokeni wote!" daktari akaamuru. Tembo akainua mikono hewani. Mwili mdogo ukashtuka kitandani. Akarudi kubonyeza, mpaka mkono mwembamba ukapanda wenyewe na kumsukuma kwa udhaifu, na kwenye mashine mapigo yakaanza kupangana tena, moja, jingine, jingine.

Mama akaguna. Akafungua macho nusu. "Taratibu basi," akasema.

Tembo alitoka. Alipita katikati ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye viti, akaingia chumba cha mashuka, akakaa juu ya furushi la mashuka safi na kulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ndipo mkewe alipomkuta. Alifunga mlango, akapenya kukaa palipobaki, akamshika kidole kimoja, kwa sababu mkono wote haukumwenea.

"Nimemgusa mama yako," Tembo alisema. "Nimemvunja ubavu."

"Anapumua, mume wangu. Ananiuliza uko wapi."

"Ananiulizia mimi?"

"Kasema, 'Yuko wapi yule mtu?' Hapa hospitali yule mtu ni nani kama si wewe?"

Wakakaa hivyo mpaka mhudumu wa usafi alipofungua mlango, akawaona, akaomba radhi na kuufunga tena.

Maumivu ya kifua kwa ndani yalikwisha siku ile ile. Mshipa ulikuwa umefunguka. Maumivu ya mbavu yalibaki wiki kadhaa. Mama alihamishiwa wodi ya moyo, na asubuhi ya kwanza Tembo alipokwenda kumwona kabla ya zamu, alisimama miguuni mwa kitanda, mbali, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizi mbavu kavunja nani? Binti yangu anazungukazunguka tu."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Ndiyo mliyosomea, kuvunja watu?"

"Moyo ulikuwa umesimama. Nilikuwa karibu."

Mama alicheka, cheko likamchoma, akashika ubavu. Alipopata pumzi akajiweka sawa juu ya mto. "Ulikuwa unasema nisamehe," alisema. "Nilikusikia, au niliota. Ulikuwa unakera. Nikasema nirudi nimjibu huyu anyamaze." Akapiga pembeni mwa godoro kwa kiganja. "Njoo hapa. Muuguzi wa usiku aliniambia mapigo yangu ni mazuri, simwamini. Tazama wewe."

Tembo akasogea. Akachukua kile kifundo cha mkono, chembamba, chenye makovu madogo ya sindano za kushonea, na mapigo yakampata mara moja, yakienda polepole na kwa usawa.

"Vipi?"

"Mazuri, mama."

"Hesabu tena, usiharakishe," alisema, akafumba macho.

Mama alirudi nyumbani na mfuko wa dawa za kumeza kila siku, na amri ya kutembea kila jioni. Mwanzoni alitembea na binti yake. Baadaye binti akawa anachoka na watoto wa shule, na wakaonekana wawili mtaani, yule mwembamba mbele na yule mkubwa nyuma kidogo, wakibishana mambo ya chumvi. Mama aliitaka kwenye kila kitu. Mkwe aliificha juu ya kabati, ambako ni yeye tu aliyefika. Hawakuhitaji tena mtu wa kupeleka maneno, na mke wa Tembo alisema nyumba imekuwa na kelele mno, afadhali zamani alipokuwa simu.

Cherehani ikarudi kazini, kwa saa chache. Wateja wakija kupimwa, mama aliwazungushia futi huku akiwauliza. Unachoka bila sababu? Ukipanda ngazi unasimama katikati? Taya? Mgongo? Jasho la baridi? Wengi walicheka. Aliwaambia yeye pia alikuwa akicheka, na kwamba gesi haimtoi mtu jasho chini ya feni. Wengine hawakuwa na kitu. Aliyemtia wasiwasi, alimvua futi, akamwambia gauni litasubiri.

Asubuhi moja, miezi mingi baadaye, mwanamke mnene mwenye kikapu aliingia chumba cha dharura, akatafuta kwa macho, akaenda moja kwa moja kwa muuguzi mkubwa kuliko wote.

"Wewe ndiye Tembo? Nimeambiwa na fundi nije kwako. Mimi naona ni uchovu tu, lakini kakataa kunishonea."

Tembo akavuta kiti, akamkalisha, akamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa cha baridi, kimelowa.

"Umefanya vizuri kuja, mama," akasema, na akampungia Dada Mkuu avute pazia.